Dume Mkaidi Kwenye Orodha ya Mnada

Biashara huria ilipotuletea kompyuta ya kwanza pale mnadani, jirani na Kibaigwa, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuijaribu programu ya kuandikisha ng'ombe. Niliandikisha ng'ombe wa kweli, ikapokea. Udadisi ukanishika: je, upuuzi itaukataa? Penye jina la ng'ombe nikaandika Mzee Salimu, bosi wangu. Penye maelezo: "Dume, mzee, mkaidi, anakoroma." Ikapokea! Nilicheka mpaka nikasahau kufuta.

Kesho yake dalali akaisoma orodha kwa kipaza sauti, akalifikia dume langu. Mnunuzi mmoja akadakia, "Yuko wapi, tumkague meno?"

Mzee Salimu, kasimama ubavuni kwangu, akanyoosha mkono.

"Nipo hapa." Akanigeukia. "Haya, njoo unifungue mdomo."