Siku Niliyolala Mtaroni

Mimi si mtu wa vurugu. Waulize majirani zangu hapa Bariadi. Watacheka, lakini waulize tu.

Binti yangu alisomea mambo ya mitandao ya kompyuta chuoni Mwanza, akarudi na cheti, akaishia kutoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu pale stendi. Kisha ikaja kampuni kufukia mkongo wa intaneti mjini. Tukasema haya, Mungu si Athumani. Kumbe! Vijana wetu, hadi wa Ngulyati, walipewa sururu. Mafundi wa kuunganisha mkongo, wale wa kukaa kivulini na vimashine vyao, walishuka na basi kutoka Dar es Salaam. Usaili wenyewe ulifanyika hukohuko Dar. Nauli, malazi, chakula, yote hayo ukaulizwe maswali ya nusu saa? Binti yangu aliitwa, akashindwa kwenda. Alilia chumbani akidhani sisikii.

Tukajikusanya wazazi wenye watoto kama yeye. Tulitaka kitu kimoja: usaili ufanyike Bariadi. Tulikwenda ofisini kwao kwa adabu zote, na vitenge vya Jumapili. Tukaambiwa, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Tukarudi. Likawa bado linafanyiwa kazi.

Kosa alilifanya meneja mwenyewe. Tulipomtokea tena mlangoni akacheka: "Aa, Wasukuma! Mimi Mzaramo bwana, nyie watani zangu, rudini mkachunge ng'ombe!"

Jamani. Utani wa Mzaramo na Msukuma ni wa tangu mababu. Mtani akikuchokoza hukasiriki, ila na yeye akichokozwa hana ruhusa ya kununa. Tukacheka naye, tukamsema kidogo kuhusu kitambi chake, tukaondoka. Njiani nikawaambia wenzangu, "Huyu zizi kalifungua mwenyewe."

Mnajua watani wanavyofanya msibani. Kaburi likishachimbwa, mtani anaingia ndani, analala, hatoki mpaka apewe chake. Basi kesho yake asubuhi mtaro ulikuwa umefika karibu na soko, mkongo uko tayari kulazwa. Nikajifunga kitenge, nikashuka, nikalala chali. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi unavyonata! Wenzangu wakakaa ukingoni wakaangua kilio: "Uwiii, mtani anazika bila kutuaga!" Soko zima likahamia pale. Jirani yangu, mama mwenye duka la pembejeo, ambaye alikataa katakata kujiunga nasi, akasimama kashika kiuno. "Mayu! Mama mzima, huna hata haya?" Nikamwambia niko kazini, asinizibie mwanga.

Meneja akaja, akacheka mpaka akafuta machozi. Akatoa noti akaniangushia kifuani, kama desturi inavyotaka. Nikamrudishia.

"Mtani, hiyo kanunulie pweza. Mimi nataka usaili Bariadi."

"Makao makuu hawatakubali, mama."

"Sawa. Fukieni tu, nimeshapazoea."

Akaacha kucheka. Niliuona uso unaanza kubadilika, na watu wakauona pia. Mzee mmoja muuza kamba akapaza sauti, "Mtani hanuni!" Wote wakaitikia, "Hanuni!" Angefanya nini? Akapiga simu palepale, akaongea kwa muda mrefu, huku matope yakinipenya mgongoni nami nikijifanya nastarehe. Alipokata akaahidi usaili Bariadi, nami nikatoka mtaroni.

Usaili ukaja kweli, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja vijana hadi wa Bukundi na Kimali. Binti yangu alirudi kachangamka, nami nikachinja kuku kabla ya majibu. Ujinga wangu huo.

Binti yangu hakuchaguliwa. Aliyechaguliwa ni binti wa jirani yangu, yule wa duka la pembejeo.

Niliumia, sitadanganya. Nilisikia vigelegele upande wa pili wa ukuta nikafunga dirisha kwa kishindo. Yaani nilale kwenye tope mimi, avune yeye! Nikaanza kutafuta viatu niende kwa yule Mzaramo anieleze vizuri.

"Unakwenda wapi, mama?" binti yangu akauliza.

"Kumuuliza mtani wangu."

"Umuulize nini? Ulilala mtaroni ili nichaguliwe mimi, au ili tuulizwe wote?"

Nilikuwa nimeshika kiatu kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule msichana ana mkono mwepesi," akasema. "Nilimwona akiunganisha, alinizidi. Mimi nilikosea pale pa kusafisha nyuzi za mkongo. Sasa napajua."

Akaninyang'anya kiatu akakirudisha mlangoni.

"Wamesema watachukua wengine baada ya mavuno, na usaili ni hapahapa Bariadi. Nitakwenda kwa miguu."