Maji ya Lokobe Hayakungoja Sauti Tamu

Enzi zetu kule kisiwani Nosy Be, Madagaska, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, hakuna mtoto wa kijiji chetu cha Marodoka aliyeuliza saa ngapi. Tulikuwa na sura ya Yasini. Mama zetu wakifua kijitoni, mawe yananuka sabuni na upepo unaleta harufu ya milangilangi, sisi wasichana tuliwekwa kuutazama mlima wa Lokobe. Msitu ukishafunikwa na mvua, mmoja wetu alianza kuisoma Yasini, maana sote tuliihifadhi chuoni. Ardhi ikiwa kavu, maji ya mlimani yalitufikia tukiisoma mara moja na nusu. Kama ililowa jana, hata moja haikuisha. Koko, bibi yetu, ndiye aliyetufundisha. Watoto wa siku hizi huwaambii kitu mpaka waone mshale wa saa.

Mimi nilikuwa na sauti ya chura, lakini nilisoma sawasawa. Mwanaidi, binti wa mama mdogo, alikuwa na sauti tamu, na mwenyewe alijua. Alivuta kila aya mpaka wanawake wakaacha kufua wamsikilize. Siku moja, ardhi imelowa, yeye yuko katikati ya sura anaremba, nikaona povu na majani makavu yanashuka. Nikapiga kelele, "Maji!"

"Nyamaza, wivu huo!" mama akanifokea. "Mwenzio hajamaliza."

Leso tatu za Koko zikaenda baharini. Kofi nikapigwa mimi, eti nimemkatiza msomaji. Koko peke yake alisema, "Maji hayasikilizi sauti." Lakini alisema chini chini, nikamsikia mimi tu.

Mwanaidi akapelekwa shule kubwa. Mimi nikaishia sekondari, nikaolewa Mahajanga, nyumba kando ya korongo. Mwezi uliopita Mwanaidi kaja, kavaa saa, katumwa na ofisi apime maji ya mvua yanachukua muda gani kutoka mtaa wa juu mpaka mlangoni kwangu, ili wajue mtaro wauchimbe mpana kiasi gani. Watu wakatoka kumtazama. Akapima mvua ya kwanza, ardhi ingali na kiu, akaandika: nusu saa.

"Futa," nikamwambia, mtoto mgongoni. "Pima tena ardhi ikishashiba."

"We dada, bado una wivu tu?"

"Ninao. Pima."

Kesho yake mvua ikarudi. Robo saa haijatimia, maji yako kizingitini. Akafuta, akaandika upya. Majirani wakamsifu: binti makini huyu, hata hesabu yake mwenyewe anairudia!

Nilitaka kumvua ile saa niitupe korongoni. Zamani kosa lake lilinipa kofi. Leo akili yangu inampa sifa. Nakitamani kijito chetu, ambako angalau Koko alijua nani anahesabu vizuri. Haya, mtaro utakuwa mpana, mwanangu atalala pakavu. Mungu nimemshukuru. Mwanaidi, bado.