Kurasa Nilizozitoa

Tangu nilipostaafu kazi ya kiwanda cha uchapaji, nimekuwa nikishona vitabu kwenye meza ndogo mlangoni petu hapa Shauri Moyo. Vingi ni Biblia na vitabu vya nyimbo. Watu wa makanisa yote huniletea, na namshukuru Mungu kwamba macho bado yananitosha.

Mwaka jana mama mmoja Mkatoliki kutoka Kware aliniletea Biblia ya marehemu mama yake. Jalada lilikuwa limeng'oka, kurasa za mwanzo zimepotea, na unyevu ulikuwa umekula pembe zenye nambari. Aliitaka kabla ya Jumamosi, siku ya misa ya kumkumbuka marehemu.

Nilizipanga kurasa nikifuata Biblia yangu. Kati ya Agano la Kale na Agano Jipya nikakuta fungu nene ambalo kwangu halimo. Nikadhani ni la kitabu kingine, kwamba marehemu alilihifadhi humo kama watu wanavyohifadhi picha na kadi. Nikaliweka kando na karatasi chakavu, nikashona zilizobaki, nikatia jalada jeusi. Niliridhika sana na kazi ile.

Ijumaa mchana yule mama alikuja. Alifungua katikati, akarudi nyuma, akaenda mbele, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Somo ambalo mama yake aliomba asomewe halikuwamo.

Ndipo nikakumbuka. Katika mafunzo ya wasomaji wa kanisa letu tulifundishwa kwamba ndugu zetu Wakatoliki wana vitabu kadhaa zaidi katika Biblia yao. Niliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani. Mezani sikulikumbuka hata kidogo.

"Nilidhani si za Biblia, mama," nikamwambia.

"Si za yako, mzee. Nilikuletea ushone, sikukuletea uchuje."

Akauliza kwa sauti ndogo kurasa ziko wapi. Karatasi chakavu za mezani kwangu, mke wangu huwashia jiko. Niliingia ndani haraka. Alikuwa ameinama juu ya makaa. Nilipomuuliza, alinielekeza kwa kidole juu ya kabati, fungu lilikokuwa.

"Niliona limeandikwa Mungu ukurasa mzima. Nikawasha kwa gazeti lako."

Nilifumua kazi yote. Yule mama alikubali kungoja, mke wangu akampa kiti na chai. Mgeni akaniuliza ni nani aliyeamua kwamba Biblia yangu iwe na vitabu vichache. Nikamweleza polepole, kadiri nilivyofundishwa. Waumini wa kwanza walikuwa na maandiko mengi. Katika yale yaliyoandikwa baada ya Kristo, waliuliza lipi limetoka kwa mitume au watu wao wa karibu, lipi linakubaliana na imani waliyopokea, lipi linasomwa makanisani kote. Ilichukua vizazi, kwa maombi na mabishano, wakakubaliana. Kwa yale ya kabla ya Kristo walitofautiana. Wengine walishika yale ya Kiebrania peke yake, wengine wakashika pia yaliyokuwa yakisomwa kwa Kigiriki. Ndiyo maana fungu lake kwangu halimo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mama yake hakujua hayo yote. Alichojua ni kwamba alifiwa na watoto wawili, na kurasa zile zilimwinua.

Nilimwomba anisomee nikishona. Alisoma maneno ya faraja juu ya waadilifu waliokufa, taratibu, akijizoeza kwa ajili ya kesho yake. Nimeisoma Biblia miaka zaidi ya hamsini, na maneno yale nilikuwa sijawahi kuyasikia. Nilisimamisha uzi mpaka akamaliza.

Sijabadili hesabu ya vitabu vya kanisa langu. Naamini Mungu aliyewaongoza wazee wetu wa imani ana subira nasi bado. Ila siku hizi mtu akiniletea Biblia, huwa namuuliza kwanza anasali wapi.