Mabonde ya Vidole

Kwa miaka sita nilikuwa mwanamke peke yangu katika kikundi chetu cha kulenga shabaha, na sitaficha kwamba nilipenda kuonekana. Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mbele kidogo ya Lanet, yaliyogeuzwa kiwanja kwa idhini ya serikali. Ukuta wa mawe ulimeza risasi zote na hapakuwa na jirani wa kulalamika. Wenzangu wengi walitoka mjini Nakuru. Mimi nilishuka kutoka Elburgon, baridi ya milima ya Mau ikiwa bado imo ndani ya koti langu.

Nina kiwanda cha mbao huko. Niliomba leseni ya bastola baada ya wezi kuvamia mara mbili, na mara ya pili wakamfunga mlinzi wangu kwa kamba za kufungia magogo. Nilianza kuja kiwanjani kwa sababu ya woga. Nikaendelea kuja kwa sababu niligundua kwamba nina jicho.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kisikh, ambaye familia yake imekuwa na duka la vyuma mjini tangu enzi ya babu yake. Sote tulimwita Sardarji, kwa heshima. Hakuwa msemaji. Ukilenga vizuri alisema "Haya," ukilenga vibaya alisema "Tena." Mtu angeweza kuishi wiki nzima akitafuna ile "Haya" ya Sardarji.

Bastola yangu ilikuwa ya aina ambayo karibu nusu ya kikundi walikuwa nayo. Kiwanda kinachoitengeneza hutoa toleo jipya kila baada ya miaka kadhaa, na kila toleo hufanana na lililotangulia kama pacha. Mtu wa nje ukimwekea mbili mezani hatajua ipi ni ipi. Lakini sisi tulijua, na wanaume wa kikundi chetu waliweza kumaliza chupa nzima ya chai wakibishania kitufe kimoja cha kuangusha magazini, kile kisanduku cha risasi. Yangu ilikuwa toleo la tatu. Mbele ya mpini wa toleo hilo kuna mabonde matatu ya kuweka vidole, na kati ya bonde na bonde kuna tuta. Sijui nani aliyachora mabonde yale, lakini alikuwa na mkono mkubwa. Vidole vyangu havikuingia bondeni, vilikaa juu ya matuta. Nikifyatua risasi hamsini, ngozi ilikuwa imechubuka.

Mwaka wa kwanza nilimwambia Sardarji kwamba mpini unaniumiza.

"Mkono utazoea, mama," akasema.

Nikazungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli, na sikulizungumzia tena. Mkono haukuzoea. Uliota sugu tu. Hata hivyo nilikuwa wa tatu katika kikundi, na siku nyingine wa pili, na wanaume walikuwa wakisema, "Huyu mathe wa mbao si wa kuchezewa." Hayo yalinitosha.

Kisha akaja mfamasia, mwanamke wa pili.

Alikuwa na duka la dawa mjini, na alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi hivi. Alikuwa mpole na mwenye mikono midogo kama yangu. Aliniamkia kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote. "Dada, nimefurahi kukukuta," akasema. "Nilidhani nitakuwa na wanaume watupu." Kisha akafungua mkoba wake, na ndani mlikuwa na toleo la tano, jipya, hata mafuta ya kiwandani yalikuwa hayajafutika vizuri.

Wanaume walimzunguka kama watu waliosikia kuna ng'ombe anazaa. Katikati yao alikuwa mkulima mmoja wa ngano kutoka Mau Narok, mtu mwenye sauti kubwa na maoni kuhusu kila kitu.

"Sasa hapa wamebadilisha nini?" akauliza.

"Wametoa mabonde ya vidole," mfamasia akasema. "Kitufe cha kuangusha magazini kimekuwa kikubwa. Na hapa juu, kwa slaidi, wameongeza mistari mbele, ndiyo mkono usiteleze ukiivuta."

"Mistari!" Mkulima akacheka mpaka kofia ikasogea. "Hiyo ni kama kununua ng'ombe mpya kwa sababu tu amekatwa pembe! Mimi yangu ni toleo la pili na haijaniangusha hata siku moja. Hawa watu wanatucheza. Leo wanatoa, kesho wanarudisha, halafu wanasema wamevumbua."

"Lakini mdomo wa kuingizia magazini wameupanua," mwingine akasema. "Hiyo inasaidia."

"Inasaidia nani? Wewe unapigana vita gani?"

Nilicheka pamoja nao. Kisha Sardarji akaichukua ile bastola, akaikagua kuhakikisha haina risasi, akaielekeza ukutani. Akaishika muda mrefu. Akaihamisha mkono wa kushoto, akairudisha wa kulia.

"Aah," akasema. "Hapa wamesikiliza mtu."

Kwa miaka sita sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo kuhusu bastola. Akanipitishia mimi.

Nikaishika. Mpini ulikuwa laini, bila tuta lolote. Vidole vyangu vitatu vilijipanga vyenyewe kama watoto wanaojua viti vyao. Kidole gumba kikafika kwenye kitufe bila mimi kukigeuza kiganja. Niliwahi kudhani kwamba kushika bastola ni kazi ngumu kwa kila mtu, na kwamba mimi nilikuwa hodari wa kuvumilia. Kumbe kulikuwa na watu ambao hawakuwa wakivumilia chochote.

"Dada, unaionaje?" mfamasia akauliza.

"Ni sawa tu," nikasema, nikamrudishia.

Mwezi wa pili alinishinda. Mwezi wa tatu akamshinda mkulima. Sardarji alikuwa akimwambia mfamasia "Haya" mara tatu mfululizo, na mimi nilisimama pembeni nikijaza magazini na kuhesabu zile Haya. Nikirudi nyumbani nilipita kwenye rundo la magogo bila kuangalia kama wafanyakazi wameyapanga. Nilikuwa nikijibizana na watu ambao hawakuwepo. Ningepewa mpini huo, nilikuwa nikisema. Ningepewa mimi miaka sita iliyopita, tungeona.

Nikawa mtu wa maoni. Mimi ambaye sikuwahi kubishana juu ya matoleo, sasa nilimshinda hata mkulima. Nilisema mistari ya mbele inakusanya vumbi. Nilisema kitufe kikubwa kitabonyezwa na mkanda wa gari, magazini ianguke yenyewe. Nilisema mabonde ya vidole yana nidhamu, yanamfundisha mtu kushika mahali pamoja kila siku. Maneno hayo ya nidhamu niliyasema huku nikificha vidole vyangu mfukoni.

Siku moja tulikuwa tumekaa nyuma ya gari langu, mimi na mfamasia, tukinywa chai yangu. Akaniuliza kwa dhati, "Dada, wewe umekaa na hizi vitu miaka. Kweli nilikosea kuchukua hii?"

Nikamwambia, "Kuna mtu wa Nairobi anazijua sana. Ameniambia springi ya toleo la tano inalegea. Ukiwa katikati ya kufyatua, inakwama."

Hakukuwa na mtu wa Nairobi. Maneno yalitoka mdomoni mwangu yakiwa yamekamilika, kana kwamba yalikuwa yameandaliwa zamani na yanangoja tu kuulizwa.

Akaweka kikombe chini. "Inakwama?"

"Si zote. Lakini nani anajua ipi?"

"Mimi hubeba hii nikifunga duka," akasema. "Niko peke yangu hiyo saa."

Jumamosi iliyofuata alikuwa mtu mwingine. Alifyatua risasi moja, akaishusha bastola, akaitazama kama mtu anayesikiliza mgonjwa anavyopumua. Akafyatua nyingine. Risasi zilitawanyika kwenye karatasi yote. Nilimshinda siku hiyo, na wiki mbili zilizofuata. Naandika ukweli: nilifurahi. Nilikula nyama choma njiani nikirudi, na ilikuwa tamu.

Wiki ya tatu akanijia na kusema, "Dada, nimeamua kuirudisha kwa aliyeniuzia. Nimeshaulizia karatasi za leseni. Nitatafuta toleo la tatu kama yako. Ama wewe ungeitaka hii? Wewe unaweza kumpata fundi aibadilishe hiyo springi. Mimi nitaogopa tu kila siku."

Moyo wangu uliruka kwanza. Lazima niseme hivyo. Kabla ya aibu kufika, nilikuwa tayari nimeiona bastola ile mkononi mwangu, mbele ya Sardarji. Aibu ilikuja nyuma yake, polepole, kama mtu aliyechelewa.

Sikujibu, maana Sardarji alikuwa ametukaribia. Naye alikuwa ameona risasi za mfamasia zilivyotawanyika kwenye karatasi.

"Kwa nini unalenga kama mtu anayengoja kupigwa?" akamuuliza.

"Naogopa itakwama, Sardarji. Springi."

"Nani amesema?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilijua sasa nitatajwa.

"Nilisoma tu kwa simu," mfamasia akasema.

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa akinilinda, akidhani nilimwambia kwa nia njema na sitaki kuingizwa katika mabishano ya wanaume.

Sardarji akaita kikundi. Akasema kila mtu atoe risasi anazoweza, na bastola hiyo itafyatuliwa mpaka ijibu swali. Walipokezana. Sardarji alianza, mkulima akafuata, kisha wengine, kisha mimi pia, kwa sababu kukataa kungeonekana. Mtutu ulikuwa moto, tukaungoja upoe, tukaendelea. Zilifika kama mia mbili. Maganda yalijaa chini mpaka tukawa tunayakanyaga. Haikukwama hata mara moja.

Mkulima akaifuta ile bastola jasho kwa leso yake na kuitazama upya. "Haya basi," akasema. "Kumbe ng'ombe wa bila pembe pia hutoa maziwa."

Kila mtu alicheka, mfamasia kuliko wote, na machozi yalimtoka. Nilisubiri akusanye vitu vyake, nikamfuata mpaka garini.

"Ni mimi nilikudanganya," nikasema. "Hakuna mtu wa Nairobi. Nilitunga."

Alidhani nafanya mzaha. Alipoona sifanyi, akaweka mkoba juu ya kiti. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa bastola?"

Nikamwonyesha mkono, vile vidole vitatu na sugu zake, na ufa mmoja uliokuwa haujapona. Akaushika kama wanavyoshika watu wa dawa, akaugeuza, akautazama vizuri. Kwa muda mfupi nilifikiri yameisha.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekuachia uitumie hapa kila Jumamosi, hata Sardarji akiona." Akauachia mkono wangu. "Lakini mimi nimefunga duka wiki tatu nikitetemeka. Nilikuwa nafika nyumbani siwezi kula. Hiyo ulijua?"

"Sikufikiria."

"Sawa," akasema. Akawasha gari na kwenda.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa Sardarji kabla wengine hawajafika, nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akisugua mtutu kwa kitambaa, na hakuacha kusugua mpaka nilipomaliza.

"Nionyeshe mkono," akasema.

Nikamwonyesha. Akautazama kwa muda mrefu.

"Matuta haya ni plastiki tu," akasema. "Fundi mwenye leseni angeyasaga kwa nusu saa. Mimi nilikwambia mkono utazoea, halafu sikuangalia tena. Na wewe ukanyamaza miaka sita." Akatikisa kichwa. "Ulichomfanyia yule ni kibaya. Hicho ni chako. Lakini hiki kingine tulifanya wawili."

Fundi alikuwa Nairobi. Alinikabidhi bastola ikiwa na mpini laini, umepakwa chengachenga kidogo ili usiteleze, na nililia ndani ya gari kabla ya kuondoka hapo, si kwa furaha hasa. Nilikuwa nikiihesabu ile miaka. Matokeo yangu yalipanda. Hayakupanda kumfikia mfamasia. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni mpini tu unaotutenganisha, na sasa mpini ulikuwa umeondolewa na yeye bado alikuwa mbele.

Hakuacha kuja. Aliniamkia kila Jumamosi, lakini aliniita madam, kama anavyowaita wateja wake, na chai alileta yake mwenyewe. Swali lolote alimpelekea mkulima, ambaye sasa alikuwa ameagiza toleo la tano na kulisifu kana kwamba alilichora yeye. Wanawake wengine wawili walijiunga, na ni yeye waliyemfuata. Nilikaa upande wangu na kuwasikia wakicheka. Wivu wa kicheko, nimegundua, hauna fundi.

Baadaye mwaka huo tulialikwa kushindana na kikundi cha upande wa mlima Longonot. Upepo ulikuwa mwingi na vumbi la ule mlima lilikuwa jeupe kwenye nyusi za kila mtu. Yeye alikuwa wa kwanza kwa wanawake na wa pili kwa wote. Mimi nilikuwa wa saba. Jina lake lilipoitwa nilisimama na kupiga makofi mpaka viganja vikauma, na kifuani mwangu bado palikuwa panawaka, sitasema palikuwa pamezimika.

Viti vilikuwa vimejaa, kikabaki kimoja kilichokuwa kando yangu. Alisimama kidogo na kikombe chake, akaangalia huku na huku, kisha akaja akaketi. Akakiweka kikombe chini, kati ya miguu yetu. Tulikaa tukitazama wengine wakiitwa.

"Huko Elburgon mvua imeanza?" akauliza.

"Imeanza," nikasema. "Tangu Jumanne. Barabara ya kiwanda imekuwa matope matupu."

"Kwetu mjini bado," akasema, na akasogeza kiti chake kidogo ili upepo usimpige usoni.