Kiti Kilichobaki Stoo

Hapa Kampala, kabla hujapeleka gari gereji, unalivua kwanza. Unatoa jeki, tairi la akiba, spana, mazulia ya miguuni, hata redio kama inachomoka. Kisha unachukua rangi ya kucha ya mke wako na kuitia betri alama mahali pa siri, ili gari likirudi ujue kama betri ni ileile. Hakuna anayeona haya. Fundi akikukuta umeinama na kile kibrashi cha kucha, anageuza uso na kujifanya anatafuta spana.

Mimi nilikuwa bingwa wa mambo hayo. Nilitoka Kenya miaka mingi iliyopita, na kazi yangu ni kutunza stoo ya kampuni moja kule Nakawa, kwa hiyo naweza kusema nalipwa kwa kushuku watu. Nilishawahi kubadilishiwa betri mpya nikapewa mzoga, na safari nyingine nikarudishiwa gari lenye matairi mawili nisiyoyajua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo gari likienda kwa fundi nami nakwenda nalo, nakaa kwenye benchi la wateja kutwa nzima, namkodolea fundi macho mikononi mpaka anichukie.

Fundi wangu wa mwisho alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, aliyekodi uwanja uliozungushiwa mabati pale Kisugu, karibu sana na tunapoishi. Mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akinawa mikono kwa petroli na kuipangusa vizuri kabla ya kukusalimu. Kwa miaka miwili hakuniibia hata nati. Lakini hilo sikulihesabu kuwa uaminifu. Nilijiambia huyu ananisubiri nilegee.

Kati ya vitu nilivyokuwa nikivivua, kimoja kilikuwa kiti cha binti yetu. Tulikinunua kwa familia moja ya wageni iliyokuwa inarudi kwao, kikiwa na mikanda yake yote, na mke wangu ndiye aliyekishikilia mpaka kikanunuliwa. Majirani walitucheka. Hapa mtoto husimama katikati ya viti viwili vya mbele akimshika dereva bega, au hupakatwa. Mmoja alimuuliza mke wangu kama mtoto ana ugonjwa wa mgongo. Mke wangu ana duka la vyombo vya plastiki soko la Nakawa, na ulimi wa mwenye duka pia. Alimjibu kwamba mgongo ni mzima na ndivyo anavyotaka ubaki. Binti alikuwa na miaka minne. Alikuwa akianza kuongea tunapofunga mlango wa gari na kunyamaza tunapoufungua, na kile kiti alikiita ofisi yake.

Jumatatu moja pedali ya breki ilianza kuzama. Nilikuwa nakanyaga mpaka chini kabisa ndipo gari linakubali kusimama. Kwa bahati mbaya ilikuwa wiki ya ukaguzi kazini, nisingeweza kwenda kukaa kwenye benchi, basi nikaamua kulivua gari kuliko siku zote. Nilifungua mikanda, nikakitoa kile kiti palepale uwanjani, nikakitia begani. Fundi akanitazama.

"Patron," akasema, neno lao la kumwita bosi, "kiti ya mutoto uiache tu mule. Miye nitaifanyia nini? Siku ya kuchukua gari, mutoto atakaa wapi?"

"Wewe tengeneza breki," nikamjibu. "Mambo ya mtoto wangu wachana nayo."

Nilitembea nacho mpaka nyumbani, nikakiweka stoo kando ya baiskeli yake, nikatia kufuli. Nakumbuka nilijiona mjanja.

Alhamisi mchana fundi alinipigia simu kwamba gari liko tayari. Nilipofika alinikabidhi vyuma vya zamani vimefungwa kwenye gazeti, kama mafundi wanavyofanya ili usije ukasema hawakubadilisha kitu. Alikuwa ameweka silinda mpya ya breki na kubadilisha pedi zote nne za mbele. Akaniinamia dirishani.

"Zamani ulikuwa unakanyaga mpaka chini," akasema. "Sasa inakamata juu. Mguu yako ijifunze kwanza. Siku mbili tatu, uende polepole."

Nilimsikia kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa yametoka kuangalia betri, na alama ya rangi ya kucha ilikuwapo, nami nilikuwa karibu kusikitika kwa kukosa neno la kumkamata nalo.

Ilikuwa zamu yangu kumchukua binti chekechea, huko Mengo. Nyumbani kwenye kiti hakukuwa mbali, ila ni upande mwingine, na saa ya kutoka shule ilikuwa imekaribia. Nikajiambia leo tu. Barabara yenyewe magari yanatambaa, mtoto ataumia na mwendo gani?

Alipofika mlangoni mwa gari alisimama. "Baba, kiti changu kiko wapi?"

"Kiko stoo. Leo utakaa kama mtu mkubwa."

Alifurahi sana. Nikamfunga mkanda wa gari, ule wa watu wazima. Ulimpita shingoni. Aliuvuta, akasema unamkwaruza, nami nikamwambia akae wima. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa na sauti yake ya kwanza.

Tulikuwa tunateremka kuelekea Katwe, na siku hiyo barabara ilikuwa imefunguka, nikaongeza mwendo ili niwahi. Boda ikakatiza mbele yangu imebeba mlango wa mbao, mlango mzima wa nyumba umelala nyuma ya dereva. Nikakanyaga breki kama mguu ulivyozoea, mpaka chini.

Gari lilisimama. Halikugonga mtu, halikugongwa, halikupata hata mkwaruzo. Mwenye boda alinitukana kwa Kiganda akaenda zake na mlango wake. Mimi nikashusha pumzi, na nadhani hata nilicheka. Ndipo nikagundua kwamba nyuma kumenyamaza.

Alikuwa ameteleza chini ya kiti na mkanda umemkaba chini ya kidevu. Macho yalikuwa wazi yananitazama, na alikuwa anavuta hewa ambayo haiingii. Sikumbuki nani alinionyesha njia ya hospitali. Nakumbuka nikiendesha kwa mkono mmoja, na mwingine nimeupeleka nyuma nimemshika mguu.

Walimtoboa chini ya koo wakampitishia mrija wa kupumulia. Daktari alisema koo limepondeka kwa ndani. Ataishi, akasema, lakini kuhusu sauti tungoje. Akasema ni mkanda uliofanya hivyo. Mkanda ni mkanda. Hakuuliza ulikuwa wa kiti kipi.

Mke wangu alikuja kutoka sokoni na aproni yake ya dukani. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo nililokuwa naliogopa.

"Alikuwa kwenye kiti chake?"

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa ilikuwaje?"

"Breki. Ziligoma, halafu zikashika zote kwa ghafla. Huyu Mkongo ameziharibu."

Hakusita hata kidogo kuniamini, na kwa nini asite? Kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa nikimwambia mafundi ni wezi na wababaishaji. Uongo wangu ulikuta kitanda kimeshatandikwa. Jioni hiyo alinituma nyumbani nikalete nguo za mtoto. Nilifungua stoo, nikakitoa kile kiti, nikakifunga ndani ya gari vizuri, kila mkanda mahali pake, kisha nikachukua nguo. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hakuna ninalolikumbuka kwa mikono kama hilo.

Yeye hakuliacha jambo hapo. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na Jumapili baada ya ibada mwenyekiti akaja uani kwetu pamoja na majirani na mwenye kile kiwanja cha gereji. Fundi aliitwa. Alikuja amevaa shati safi lililopigwa pasi.

"Wewe Mukongo," mwenyekiti akasema, "umehalibu gali ya watu. Mutoto hata haongei."

Fundi aliomba ufunguo, akaliwasha gari, akalisogeza mbele, akakanyaga breki. Likasimama. Akarudisha nyuma, akakanyaga tena. Likasimama. Aliposhuka alifungua mlango wa nyuma, na hapo akakiona kile kiti. Akakigusa begani kwa vidole viwili. Akafunga mlango polepole, akanigeukia.

"Patron," akasema, "iko na neno ya kusema?"

Watu wote walinitazama. Mke wangu alikuwa amesimama karibu yangu kiasi kwamba bega lake lilinigusa. Nafasi ile nilipewa kwa heshima, na aliyenipa ni mtu niliyekuwa nakwenda kumzika.

"Neno ni koo la mtoto wangu," nikasema.

Uani kukalipuka. Mmoja alisema warudi kwao, mwingine akasema afungwe. Fundi alisubiri kelele zipungue. "Basi," akasema. "Mutoto apone." Akaweka ufunguo juu ya boneti akaenda zake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema anachokijua. Nadhani aliwatazama watu waliokuwa pale akaona wote ni wangu. Mnyonge hana haki, na mnyonge anayeishi katika nchi ya watu anajua hilo kuliko sisi tunaolisema.

Mwenye kiwanja alisema hataki matatizo. Siku chache baadaye nilipita pale nikakuta uwanja mtupu, doa jeusi la oili na lile benchi la wateja. Niliuliza amehamia wapi. Mmoja akasema Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, mwingine akasema hajui, na sikuuliza wa tatu.

Binti alirudishwa nyumbani kwa gari la hospitali, na mrija wake. Akitaka kutuita alipiga makofi. Makofi mawili ni maji, matatu ni choo, na mengi ni hasira. Mke wangu alifunga duka akakaa naye, akawa anasali kila asubuhi sauti irudi. Mimi nilipiga magoti kando yake nikasema amina. Mungu anajua nilikuwa naitaka sauti ile kuliko kitu chochote duniani. Na Mungu huyo huyo anajua kwamba niliiogopa, kwa sababu katika ulimwengu mzima aliyebaki kujua kiti kilikuwa wapi, mbali na yule Mkongo, ni mtoto asiyeweza kusema wala kuandika. Siku moja alinyoosha kidole kwenye mlango wa stoo, akapiga makofi, akaninyooshea mimi, akanyoosha tena kule. Mama yake akadhani anataka baiskeli. Nilikimbia kumtolea baiskeli.

Nilikuwa nakaa naye nikimtazama mdomo. Baba anamtazama mtoto wake mgonjwa mdomo kwa hofu. Nilijichukia, lakini nikajizoeza kujichukia, na asubuhi nilikwenda kazini Nakawa kukagua kufuli za watu wengine.

Mwezi wa tatu daktari aliutoa mrija, akaziba kitundu kwa bandeji. Akamwambia ajaribu kusema jina lake. Binti akakataa, akajificha kwenye gauni la mama yake. Daktari alisema tusimlazimishe, atasema akipenda.

Nilimbeba mpaka kwenye gari, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikamfunga. Mama yake alikaa nyuma pamoja naye. Tulikuwa tumepita Nsambya, tumekaribia kupandisha Kisugu, niliposikia kitu nyuma yangu, kama karatasi inayokunjwa.

"Baba leo amekileta."

Mke wangu alipiga ukelele. Alicheka na kulia pamoja, akambusu mikono, akanipiga bega kutoka nyuma kwa furaha. "Umesikia? Ameongea! Mami, sema tena. Amekileta nini? Sema tena mama akusikie."

Binti yangu alimeza mate kwanza. Niliona kwenye kioo jinsi ilivyomuuma.

"Kiti," akasema. "Siku ile alikiacha stoo."

Mkono wa mke wangu ulikuwa bado begani kwangu. Ulibaki pale kidogo, kisha ukaondoka.

"Simamisha gari," akasema.

Nikakanyaga breki kidogo tu, juu, pale zinapokamata. Mguu wangu ulikuwa umeshajifunza. Gari likasimama taratibu kando ya barabara bila kumtikisa mtu.