Salamu Niliyoitikia, Dada Akaililia

Ukumbi mzima wa kanisa ulikuwa unamlilia dada yangu. Jumapili, saa nane mchana, mapazia yamefungwa, naye yuko kwenye skrini anasema kwa mdomo wake: "Niliitikia salamu, ndipo wakajua mama yangu kajificha wapi." Mama mmoja niliyekaa naye akanigusa goti.

"Loo, dada yako anajua kulia! Utadhani yalimkuta yeye."

Yalinikuta mimi.

Nililetwa Chome, huku milima ya Upare, kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, nina miaka tisa, nikapokewa na familia ya Kilutheri. Dada ndiye binti yao, kanizidi mwaka mmoja. Mrefu, shingo ndefu, pua nyembamba. Mimi mfupi, uso wa duara. Mwaka ule wa kwanza nilisemwa sana, maana mtu akisalimu kutoka nje nilikuwa nanyamaza kimya. Chome mtoto haachi kuitikia. "Hana adabu huyu," walisema.

Sababu nilimwambia dada peke yake, tukichambua maharage. Aliyemuua mama yangu ni mwalimu wetu wa kwaya, jirani. Alipita nje ya banda la mbuzi tulimojificha, akaita "Mwaramutse!", salamu yetu ya kuamkiana, kama asubuhi zote. Nami, mtoto niliyefunzwa vizuri, nikaitikia. Akaingia na wenzake. Mimi nilipenya chini ya mbao za nyuma. Huko mbele, kwenye vizuizi vya barabarani, walikotambua Watutsi kwa urefu na pua nyembamba, uso huu wa duara ndio ulionipitisha.

Dada akanishika mkono, akasema hatamwambia mtu.

Mwaka juzi akaja mwongozaji wa filamu kutoka Dar, anatafuta milima yenye ukungu na mtu wa kuigiza manusura wa mauaji yale akiwa mtu mzima. Nikashuka mjini Hedaru kusuka nywele, kisha nikaenda kuomba nafasi hiyo. Dada akanisindikiza. Mwongozaji akanitazama juu mpaka chini.

"Mama, samahani, hufanani na manusura. Halafu unaongea Kipare Kipare." Akamgeukia dada. "Huyu sasa!"

"Mimi? Jamani, mimi mtu wa hapahapa!" Dada anacheka huku ananyoosha shingo.

Mimi nikapewa panga la mbao, nikasimamishwa kwenye kundi la wauaji. Nikakubali, ili niwe karibu nione dada anavyochukua nafasi yangu. Na kisa cha salamu sikumpa mwongozaji mimi. Nilikisikia mara ya kwanza pale ukumbini, kwa mdomo wa dada.

Wivu ninao, sifichi. Mimi nikisimulia, watu huangalia saa. Yeye analia vizuri.

Filamu ilipoisha watu wakamvika dada khanga kumpongeza. Akanijia nayo mabegani. "Umeonaje, mdogo wangu?"

Sikuitikia.

Mwongozaji, nijibu: wale walitupima kwa pua. Wewe umenipima kwa nini?

Na wewe dada, Jumapili ijayo simama palepale, mbele ya watu walewale waliokuvika khanga, uwaambie yule mama aliyekufa ni mama wa nani.