Niliagiza 4x4 bila kuiona. Chassis ilikuwa imeoza, na mama ndiye alikuwa ndani

Salamu wakuu, popote mlipo.

Hii si hadithi ya kuokota. Imenipata mimi mwenyewe, na wengine humu wa kutoka Nyamira mtaijua hata nisipotaja majina. Nimekaa nayo kwa sababu ya aibu. Leo naandika yote, pamoja na ile sehemu yangu ambayo hata kanisani sijaisema.

Mama yangu ana shida ya figo. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike hospitali mjini Kisii asafishwe damu. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akikosa mbili, hayo mengine sitaki kuyaandika.

Nyumbani ni ndani ya Ikonge, mbali na lami. Mvua ikinyesha barabara yetu ni matope ya kumeza kiatu. Boda boda hawezi tena, kwa sababu akitoka kwa ile mashine hana nguvu hata ya kumshika dereva kiunoni.

Mimi nauza hardware mjini na nimepanga Mosocho. Nilimwambia aje tukae pamoja, awe karibu na hospitali. Alikataa kabisa. Alisema mashine ichukue siku zake mbili, lakini kulala atalala kwake, penye majani chai yake na ng'ombe wake.

Hiyo ndiyo sababu ya gari. Muelewe hilo kabla mniite mpenda sifa. Ingawa sifa pia zilikuwepo, nitafika hapo.

Na wale wa "si ungekodi tu taxi kila wiki" nawaona, tulieni kidogo.

Nilitaka 4x4 ya diesel, ile iliyoinuka, ya kupanda mlima bila kusukumwa. Brand siitaji, kosa halikuwa la brand. Nikapata agent online. Picha zilikuwa nyingi na safi sana. Viti havina doa, engine imeoshwa, mileage ya chini. Ya chini ya gari haikuwepo hata moja, na mimi sikuuliza.

Auction sheet, ile karatasi ya mnada ya kueleza hali ya gari, ilikuja kwa Kijapani. Kulikuwa na mchoro wa gari wenye alama alama, na mistari miwili ya maandishi pembeni. Agent akaniambia hayo ni mambo ya service tu. Nikamwamini. Nilikuja kupata mtu wa kunisomea wakati haisaidii tena. Iliandikwa kwamba chini kuna kutu, na ni nyingi.

Sasa sikilizeni mambo ya kwetu. Kwetu gari mpya haipiti kwa fundi kwanza. Inaenda nyumbani kwa wazazi, inaombewa.

Iliingia Ikonge Ijumaa kabla jua halijatua. Kesho yake Sabato, baada ya ibada, pastor na wazee wa kanisa wakaizunguka, wakaweka mikono kwa bonnet, akina mama wakaimba. Mama alipanda kiti cha mbele, akajifunga mkanda, akakataa kushuka mpaka chakula kilipoiva. Sijawahi kumwona na furaha namna hiyo.

Na gari ikishaombewa mbele ya watu wote, nani tena ataingia chini yake na nyundo? Utaonekana unapima maombi ya watu.

Dereva nilimpata sokoni Ekerenyo. Anaitwa Ouma, mtu mzima, kwao ni upande wa ziwa, ameendesha lori miaka mingi. Ana adabu na hana haraka. Alikuwa anampeleka mama hospitali na kumrudisha. Mzee wangu naye alikuwa anapanda nao kila mara, kazi yake kumshika mama mkono.

Wiki ya tatu Ouma akaniambia nyuma kunagonga akipita kwa mashimo. Jumapili nikaenda nyumbani, nikaingia chini.

Huko chini kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi, nzito, mpya. Siku ya kwanza niliiona nikafurahi. Siku hiyo nikakwaruza na funguo, rangi ikabanduka na chuma kikatoka nayo, vipande vipande kama ganda la ndizi lililokauka. Kidole changu kiliingia ndani ya chassis, ile fremu inayobeba gari yote.

Nikapiga picha. Nikajipangusa udongo. Mama akauliza nimeona nini, nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Jumatatu ikampeleka na ikamrudisha. Niliacha, wakuu. Nilikuwa najiambia nitauliza fundi kwanza.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kazi, ndipo nilipita kwa fundi hapo Mosocho, mzee mmoja anayeitwa Nyamweya. Aliangalia picha moja tu akanirudishia simu. Akanieleza kwamba kuna nchi za theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na ile chumvi inakula chassis kutoka ndani. Muuzaji mjanja anapaka rangi nyeusi juu, wewe unaona gari inang'aa. Na pale kidole kiliingia ndipo panashikilia mkono wa axle ya nyuma. Pakiachilia kwa mteremko, gurudumu la nyuma linaenda njia yake.

"Hiyo gari isitembee," akasema. "Ikuje juu ya lori."

Sehemu yangu ndiyo hii.

Nilifikiria lori likipita Ikonge sokoni, na gari iliyoombewa imefungwa juu, hata mwezi haijamaliza. Nikafikiria midomo ya watu. Nikaamua itakuja yenyewe, polepole, bila mama ndani. Mama nitamtumia taxi.

Nilikuwa nimeshafika kwa kaunta, wateja wa simiti wamejaa. Nikamwandikia Ouma haraka:

"Leta gari pole pole Mosocho kwa fundi. Baba asipande. Natuma taxi."

Sikuandika kwa nini.

Wale si Wakisii mnielewe hapa. Kwa Ekegusii, mama anaitwa baba. Baba mzazi ni tata. Mama yangu nimemwita Baba tangu nijue kuongea. Kwa simu yangu ameseviwa Baba. Kiswahili nimekisoma shule na tofauti naijua vizuri sana, nikitulia naandika mama. Lakini mkono ukiwa na haraka unaandika kile mdomo umezoea.

Ouma si Mkisii. Kwake baba ni baba. Akamwambia mzee kwa heshima kwamba boss amesema abaki, kuna taxi yake inakuja. Akamsaidia mama kupanda, akamfunga mkanda, wakaondoka polepole vile nilivyoagiza.

Saa mbili na nusu hivi yule mtu wa taxi akanipigia. Alisema amefika, amempata mzee amesimama kwa gate na koti lake, lakini mgonjwa ameshaondoka na ile gari kubwa.

Nikapigia Ouma, simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena. Mwisho ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua, mmoja wa wachuma majani. Aliniuliza kama mimi ni mtu wa hawa watu.

Ilikuwa mteremko wa mwisho kabla ya lami. Hakuwa anakimbia, wale wachuma chai waliniambia hata wao kwa miguu wangempita. Kile chuma kiliachilia, nyuma ikayumba, gari ikalala kwa ubavu ndani ya majani chai. Walimtoa mama kwa mlango wa nyuma, wakambeba na magunia yao mpaka barabarani. Taxi niliyomtumia ndiyo ilimfikisha hospitali.

Nilimpata Ouma kwa benchi ya hospitali, mkono mmoja umefungwa. Sikuwa nimesema neno la kumlaumu, lakini nadhani uso wangu ulisema. Akatoa simu na ule mkono mzima, akanionyesha message.

"Boss, uliandika baba."

Nikaisoma. Ni kweli nilikuwa nimeandika. Nikakaa kando yake mpaka daktari akaja.

Mzee naye alikuwa na lake. Siku kadhaa baadaye aliniuliza polepole ni kosa gani alinifanyia hata nimkataze kupanda gari yangu. Alikuwa amebeba hilo swali siku zote hizo akiwa na mgonjwa wodini. Hapo nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Mama yuko hai, tunashukuru Mungu. Lakini nyonga ilivunjika, na kwa sababu ya figo madaktari wanaogopa kumpasua. Anakaa kwangu Mosocho, kwa wheelchair, kwenye nyumba ya kupanga. Hospitali ni karibu sasa. Kwake hajalala tangu asubuhi ile.

Kuagiza gari sikukatazi. Watu wengi wanaagiza na wanapata nzuri. Lakini kama hujaiona, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limepakwa rangi. Dai picha za chini kabla ya kutuma chochote, na wakikataa wewe pia kataa. Ile karatasi ya Kijapani isomwe na mtu ambaye halipwi na muuzaji. Rangi nyeusi mpya kwa chassis ya gari nzee, uliza inaficha nini. Ikifika, fundi kwanza na nyundo yake, pastor baadaye, Mungu hatakasirika.

Na ukigundua kasoro, sema. Sema kwa sauti, na useme kwa nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama ningeandika "chassis imeoza," hakuna mtu angepanda, baba wala tata.

Mwezi uliopita nilimwambia mama yote. Kidole, Jumapili ile, fundi, lori, maneno ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwa Ekegusii, naandika vile nilivyoelewa:

"Ungeniambia imeoza, ningetembea. Kwani mimi nilikuwa nataka gari?"

Akaniomba nimgeuze aangalie dirishani. Dirisha letu linaangalia ukuta wa jirani.

Ni hayo tu, wakuu. Anayetaka kunikemea anikemee, nafasi iko hapo chini na sitajibu kwa hasira. Lakini kama una gari uliagiza bila kuiona, usicomment sasa. Nenda uingie chini yake na funguo, ukwaruze, halafu urudi utuambie umepata nini.